Pugu Stesheni: Reli Ipo, Abiria Wapo, Mwenye Dhamana Hayupo

Katika orodha ya kata za Wilaya ya Ilala imo kata iitwayo Pugu Stesheni. Kata nyingine za jiji hili zimerithi majina ya watu, ya mito, ya miti na ya mashamba yaliyokwisha kutoweka. Hii imerithi jina la kituo cha treni, na kituo chenyewe hakijatoweka. Treni za bara bado zinapita hapo juu ya reli ya geji ya milimita 1,000, katika njia ile ile waliyoijua babu zetu walipokuwa vijana. Kiasi cha kilomita 20 kutoka bandarini, pale vilima vinapoanza kuinuka, kipo kituo ambacho kwa zaidi ya karne moja kimekuwa mlango wa Dar es Salaam kwa watu waingiao kutoka bara.

Naandika juu ya kituo hiki kwa sababu nimechoka kusikia kikizungumzwa kama marehemu. Katika mdahalo mmoja juu ya usafiri wa mijini, mtumishi wa umma mwenye cheo kikubwa, ambaye sitamtaja, alisema mbele ya wanafunzi kwamba reli ya zamani imekwisha kutimiza wajibu wake, sasa iachiwe watu wa makumbusho. Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nikiwatazama wanafunzi walioketi safu za nyuma, wale wanaotoka Gongo la Mboto, Chanika na Pugu yenyewe, ambao huamka saa kumi alfajiri ili wawahi kipindi cha saa moja na nusu, na bado huchelewa. Hao hawakuja mjini kutafuta makumbusho. Walikuwa wamesimama saa mbili ndani ya daladala, sambamba na reli iliyo tupu.

Hoja yangu ni moja. Dar es Salaam haina upungufu wa reli. Ina upungufu wa mtu ambaye, kwa mujibu wa sheria, akiamka asubuhi kazi yake ni kuhakikisha kwamba mkazi wa Pugu anafika mjini. Kasoro hiyo haitibiwi kwa treni mpya, hata iwe nzuri kiasi gani, kwa sababu si kasoro ya chuma.

Nianze na historia, nayo niieleze bila kuipamba. Reli hii haikujengwa kwa ajili yetu. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwezi Februari 1905, kazi ikiwa mikononi mwa kampuni ya Philipp Holzmann. Miezi mitano baadaye, Julai mwaka huo huo, vita vya Maji Maji vikalipuka kusini. Dola iliyokuwa ikiwalazimisha watu kulima pamba kwa viboko ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa na haraka ya kupeleka chuma bara. Desemba 1907 reli ikafika Morogoro, mwaka 1912 ikafika Tabora, na 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani. Pugu penyewe palikuwa pamekwisha kuuonja moto wa ukoloni kabla ya reli: kituo cha wamisionari wa Kibenediktini kilishambuliwa na kuteketezwa hapo Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri.

Lakini chuma hakina uraia. Waingereza wakairithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli za Kenya na Uganda chini ya shirika moja la reli na bandari za Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikawa mali ya Shirika la Reli Tanzania. Katika safari hiyo yote wananchi walikuwa wakiigeuza, kidogo kidogo, kuwa yao. Ng'ombe wa Kanda ya Ziwa walishushwa Pugu, na mnada wa Pugu ukawa ndio unaolisha mabucha ya jiji zima. Barabara itokayo mjini kuelekea uwanja wa ndege iliitwa Barabara ya Pugu, na viwanda vikajipanga kando yake kwa sababu reli ilikuwa jirani. Leo vibao vinasema Barabara ya Nyerere. Nyerere huyo naye alikuwa mwalimu wa Pugu: aliporudi kutoka Edinburgh alifundisha St. Francis, na kutoka katika darasa hilo alikuwa akishuka mjini kwenye harakati zilizozaa TANU tarehe 7 Julai 1954, mpaka alipoacha ualimu Machi 1955. Sikumbushi haya ili tupige makofi. Nakumbusha kwamba umbali ulioweza kuunganisha darasa la Pugu na vikao vya Kariakoo miaka sabini iliyopita ndio huo huo unaomshinda mwanafunzi wangu leo.

Sasa tuje mwaka 2012, kwa maana hapo ndipo penye ushahidi. Tarehe 29 Oktoba 2012 Dar es Salaam ilipata treni za abiria wa mjini kwa njia mbili kwa mpigo. Reli ya Kati ilichukua abiria kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na Ubungo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kinondoni. TAZARA, kutoka katika stesheni yake kubwa ya Temeke, ilichukua abiria hadi Mwakanga, upande wa pili wa Pugu. Mwaka 2016 Reli ya Kati ikaongeza safari ya Pugu Stesheni. Vichwa na mabehewa ya Reli ya Kati hayakuagizwa mapya. Mafundi wa karakana ya Morogoro waliyafufua yaliyokuwapo. Nauli ya kuanzia katika njia ya Ubungo ilikuwa shilingi 400.

Namwomba msomaji autafakari ukweli huu kabla ya kuendelea. Mabehewa yalikuwa ya zamani na reli ilikuwa ya zamani. Baadhi ya vituo havikuwa vituo bali kipande cha ardhi kando ya tuta, bila paa, bila benchi, bila taa. Watu wakajaa hadi milangoni. Hakuna aliyewabembeleza kwa tangazo la redioni. Aliyewahi kupambana na konda saa kumi na mbili asubuhi pale Gongo la Mboto hahitaji kampeni ya kumweleza faida ya njia isiyokuwa na foleni.

Wananchi wakaipa jina: treni ya Mwakyembe, kwa heshima ya Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Jina hilo lilikuwa sifa ya haki, lakini pia lilikuwa utambuzi wa ugonjwa. Hatusemi maji ya waziri fulani tunapofungua bomba la DAWASA, wala hatusemi umeme wa fulani tunapowasha taa. Huduma inayoitwa kwa jina la kiongozi ni huduma ambayo watu wanaijua, ndani ya mioyo yao, kuwa ni hisani. Mwakyembe alihamishwa wizara Januari 2015, na tangu hapo treni za mjini zimekuwa zikiishi maisha ya mtoto wa kambo: zinasimama, zinarudi, zinapisha ujenzi, zinapisha ubovu wa kichwa, zinapisha mgogoro wa mishahara. Abiria hujulishwa kwa tangazo lililobandikwa ukutani, au hajulishwi kabisa, akafika kituoni akaikuta reli na upepo.

Kwa nini iwe hivyo? Wapo wanaojibu haraka: reli ya zamani haiwezi. Nitalijibu hilo, maana ni jibu la kiufundi na linastahili majibu ya kiufundi.

Reli hii ni ya njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana popote isipokuwa mahali penye njia ya kupishania, na kwa kawaida mahali hapo ni stesheni. Kwa hiyo idadi ya safari kwa saa haiamuliwi na hamu ya abiria, wala na ubora wa injini peke yake. Inaamuliwa na umbali ulioko kati ya njia moja ya kupishania na nyingine. Ukiongeza njia za kupishania kati ya mjini na Pugu umeongeza treni, hata kama hukununua behewa hata moja. Ukiziacha zifukiwe na mchanga na vibanda, umepunguza treni hata kama umenunua vichwa kumi. Jambo la pili: treni inayovutwa na kichwa kimoja, ikifika mwisho wa safari, lazima kichwa kifunguliwe, kizunguke, kifungwe upande wa pili. Dakika hizo hupotea kila safari, na asubuhi dakika ni abiria. Ndiyo maana miji mingine hutumia treni fupi zenye chumba cha dereva pande zote mbili: dereva anashuka huku, anapanda kule, safari inaendelea. La tatu ni jukwaa. Mama aliyebeba ndoo ya samaki na kikapu cha nyanya akilazimika kupanda behewa kutoka kwenye kokoto, treni inasimama dakika tatu badala ya moja. Jengeni jukwaa la zege, dakika mbili zinarudi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mapinduzi ya teknolojia. Ni kazi za mhandisi wa kawaida mwenye bajeti ya kawaida na mwajiri anayemdai matokeo. Tena fanya hesabu ndogo ya mezani: mabehewa sita, kila moja likichukua watu mia, ni watu 600 kwa safari moja. Daladala aina ya Coaster ya watu thelathini inahitaji kuja mara ishirini kubeba watu hao, kupitia Vingunguti, kupitia Tazara, katika barabara ile ile inayogombaniwa na malori ya bandarini.

Wala reli hii si chuma chakavu kilichosahauliwa na kila mtu. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 za Kimarekani kwa mradi ambao kazi yake kubwa ilikuwa kuikarabati reli hii hii kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. Mkopo huo utalipwa na walipakodi, wakiwamo wa Gongo la Mboto. Anayesema ipelekwe makumbusho atuambie kwanza kwa nini tulikopa kuikarabati, na kwa nini mzigo wa mteja aliye mbali upite mbele ya nyumba za Pugu kwa ratiba wakati wenye nyumba hizo hawana ratiba.

Kwa hiyo tatizo si uwezo wa reli. Tatizo lipo kwenye vitabu vya serikali, na hapo naomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanivumilie, kwa sababu wanalijua kuliko mimi.

Mfuate abiria mmoja wa Pugu. Anatoka nyumbani kwa bodaboda kwenye barabara ya mtaa iliyo chini ya TARURA, ambayo iko TAMISEMI. Akifika barabara kuu yuko mikononi mwa TANROADS, ambao wako Wizara ya Ujenzi. Akipanda basi la mwendokasi yuko chini ya DART, tunarudi TAMISEMI. Akipanda treni ya Reli ya Kati yuko chini ya Shirika la Reli, Wizara ya Uchukuzi. Akipanda treni ya Mwakanga yuko chini ya TAZARA, mali ya nchi mbili, Tanzania na Zambia, ambayo maamuzi yake makubwa hupita kwa mawaziri wa nchi zote mbili. Nauli yake inapangwa na LATRA. Safari moja ya asubuhi, wizara tatu, na katika hizo zote hakuna ofisi yenye mlango ulioandikwa: hapa ndipo pa kuulizia usafiri wa Dar es Salaam.

Zamani tungesema nenda Halmashauri ya Jiji. Lakini jiji lile, lililozikusanya manispaa zote chini ya meya mmoja, lilivunjwa mwezi Februari 2021, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Sina haja ya kufufua ugomvi wa siasa za umeya. Jiji lile lilikuwa na udhaifu wake, na gharama za kuwa na madiwani juu ya madiwani hazikuwa uzushi. Ila matokeo yake ni haya: mkoa wenye watu 5,383,728 kwa Sensa ya mwaka 2022 hauna chombo cha kuchaguliwa kinachouona mji mzima. Ilala ina watu 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Kila halmashauri ina mipaka yake, ila abiria havukii mpaka kwa pasipoti. Analala Temeke, anafanya kazi Kinondoni, anasoma Ubungo, anauguza mgonjwa Ilala. Reli inakatiza mipaka hiyo yote, na ndiyo maana haina mwenyewe.

Na Shirika la Reli? Tusilionee. Shirika hilo liliundwa upya kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ili liendeshe reli ya nchi: mizigo ya bandari, abiria wa Kigoma na Mwanza, na mradi mkubwa wa reli ya kisasa. Mkurugenzi mwenye vichwa vichache vya treni na maombi mengi atapeleka kichwa kwenye mzigo unaolipa, si kwenye abiria wa nauli ndogo anayesafiri kilomita 20. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, mpaka sheria initake vinginevyo na Hazina inilipe pengo. Treni za abiria wa mjini katika sehemu kubwa ya dunia hulipiwa na mtu zaidi ya abiria. Anayedai zijiendeshe kwa nauli peke yake amekwisha kuamua zife, ila hataki kusaini cheti cha kifo.

Nazijua pingamizi mbili zinazokuja.

Ya kwanza: tuna SGR. Kweli tunayo, na mimi si miongoni mwa wanaoibeza. Jiwe lake la msingi liliwekwa Pugu hapo hapo, na Rais Magufuli, tarehe 12 Aprili 2017. Abiria wa kwanza wa Morogoro walisafiri tarehe 14 Juni 2024, na Rais Samia akaizindua rasmi Agosti 1 mwaka huo, ikiwa imekwisha kufika Dodoma. Imenifikisha Dodoma kabla sijamaliza kusahihisha rundo la mitihani, na kwa hilo nashukuru. Pugu ina stesheni ya SGR pia, na katika nauli zilizotangazwa na LATRA safari ya kutoka mjini hadi hapo iliwekewa shilingi 1,000. Lakini ramani haidanganyi: kati ya mjini na Pugu treni ya umeme haina kituo. Mtu wa Buguruni anaiona. Mtu wa Vingunguti anaiona. Mtu wa Gongo la Mboto anaiona kwa ukaribu zaidi, na baadhi ya jirani zake walivunjiwa nyumba zilizopigwa alama ya X ili ipite. Kuiona ndiyo haki waliyopewa. Treni ya masafa marefu ina kazi yake: tiketi inakatwa mapema, abiria hukaguliwa, mwendo ni wa kasi. Abiria wa mjini anataka kinyume chake kabisa: afike kituoni, apande, ashuke kituo cha nne, asiulizwe jina la baba yake. Kumwambia apande SGR ni sawa na kumpa mtu mwenye kiu ndoo ya kuchotea na kisima kilicho Dodoma.

Ya pili: mwendokasi unakuja. Awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni, ilianza kubeba abiria Mei 2016, na awamu ya tatu ndiyo ya Barabara ya Nyerere, mwisho wake Gongo la Mboto. Nauunga mkono. Ila Gongo la Mboto si Pugu, na Pugu si Chanika. Mji umekwisha kupita mwisho wa barabara kabla basi halijafika. Na aliyesimama kwenye foleni ya kituo cha Kimara au cha Gerezani jioni anajua kwamba njia ya pekee ya basi peke yake haitoshi kuubeba mji wa watu milioni tano. Basi na treni havishindani. Kinachoshindana ni bajeti za wizara. Tiketi moja, kadi moja, ambayo abiria wa Pugu anaigusa kwenye treni kisha anaigusa kwenye basi pale Gerezani, ingemaliza ubishi huo kwa wiki moja. Lakini nani aitoe kadi hiyo? Tunarudi pale pale: mwenye dhamana hayupo.

Wengine watakuja na dawa ya tatu, ya kutafuta mwekezaji. Tumekwisha kuionja. Mwaka 2007 Reli ya Kati ilikabidhiwa kampuni ya RITES ya India kwa mkataba wa miaka 25, kampuni ikiwa na asilimia 51 ya hisa na serikali 49. Mwaka 2011 ndoa ikavunjwa rasmi, na reli ikarudi nyumbani ikiwa imekonda. Sasa TAZARA, ambayo Uchina ilitukopesha bila riba na kuikabidhi mwaka 1976, imesainiwa mkataba mwingine, Septemba 2025, wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye thamani ya dola bilioni 1.4. Shaba ya Zambia itapata vichwa vipya na ratiba. Swali la mkazi wa Yombo na Mwakanga ni dogo lakini lina haki ya kujibiwa kabla wino haujakauka: katika miaka hiyo 30, saa kumi na mbili asubuhi, reli hiyo ni ya nani?

Tusidhani kwamba jambo hili haliwezekani kwa watu kama sisi. Thane ilikuwa mji mdogo nje ya Bombay. Treni ya kwanza ya abiria ya India ilifika hapo tarehe 16 Aprili 1853, kilomita zisizozidi 40 kutoka kituo ilikoanzia. Mji mkubwa ukakua, ukaimeza Thane kama Dar es Salaam ilivyoimeza Pugu. Wahindi hawakuigeuza stesheni ile makumbusho. Waliongeza njia, wakaongeza majukwaa, na leo ni moja kati ya vituo vyenye msongamano mkubwa kabisa katika mtandao unaobeba mamilioni ya watu kwa siku. Umri wa Thane ndio uliokuwa mtaji wake, kwa sababu njia ilikuwa imekwisha kupatikana kabla ardhi haijapanda bei. Sisi tuna njia ya Pugu iliyopatikana tangu 1905, na tunaitazama kama takataka iliyozuia ujenzi.

Karibu zaidi, Nairobi ilifungua stesheni ya Syokimau Novemba 2012, wiki mbili tu baada ya treni ya Mwakyembe kuanza. Miaka minane baadaye walikuwa wakipokea treni fupi zenye vyumba vya dereva pande mbili, zilizonunuliwa Uhispania zikiwa zimetumika, na kuziendesha juu ya reli ile ile ya geji ya mita moja tuliyorithi sote. Mwaka 2017 waliunda pia mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji kuu, NaMATA. Sitaipigia debe: imesuasua, na matatu ya Nairobi bado ndiyo wafalme wa barabara. Lakini walau Mkenya anayo ofisi ya kuilaumu.

Kuna pingamizi ya upande wa pili pia, ya marafiki zangu wa idara za historia, wanaotaka stesheni za kale zitangazwe urithi na kuzungushiwa ukuta. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863, hivyo stesheni za Mjerumani haziingii humo mpaka Waziri azitangaze. Atangaze, sina ugomvi. Ila nitapinga kila tangazo litakalomwondoa abiria ili jengo lipigwe picha vizuri. Kinachoifanya Pugu Stesheni kuwa kitu cha kihistoria ni kwamba watu hawajaacha kuitumia.

Ninachodai kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa muswada. Iundwe mamlaka moja ya usafiri wa Mkoa wa Dar es Salaam kwa sheria ya Bunge, yenye nguvu ya kuziagiza DART, Shirika la Reli na TAZARA juu ya safari za ndani ya mkoa, na yenye fungu lake la kulipia huduma zinazotoa hasara ya fedha na faida ya jamii. Mkataba wowote wa reli, wa ndani au wa nje, uwe na saa zilizotengwa kwa abiria wa mjini asubuhi na jioni, kwa maandishi. Idadi ya abiria wa kila kituo na treni zilizochelewa itangazwe kila mwezi, kituo kwa kituo, ili tuache kubishana kwa hisia. Na kabla ya yote hayo, kwa sababu halihitaji sheria: majukwaa, taa na vyoo kwa vituo vya kati ya Kamata na Pugu.

Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Uchukuzi husomwa bungeni kwa kawaida mwezi Mei. Wanafunzi, itafuteni, ni waraka wa umma. Tafuteni ndani yake fungu la treni za abiria wa mjini Dar es Salaam, liandikeni pembeni, kisha mlipeleke kwa wabunge wa Ukonga, Segerea na Temeke na kuwauliza walilipigia kura gani. Wanaharakati, msisubiri ajali ndipo mshike mabango. Na nyinyi watumishi wa wizara hizo tatu, mnaojua faili la treni ya Pugu liko katika kabati gani na lilisimamia kwa nani, mna namba za simu za wenzenu wa wizara ya pili. Pigeni.